Mstari wa Maiti

Dagaa wekundu ndio waliomfikisha Inspekta Yusra Mrisho kwenye godauni la Kibirizi. Si wekundu wa mawese, kwani hao angewaelewa na pengine angeomba sahani. Hawa walikuwa wameanikwa mchangani tangu alfajiri, na matumbo yao yalikuwa yameiva rangi kama kucha za bi harusi.

"Jionee mwenyewe, afande," alisema Nehemia, mchuuzi aliyepiga simu kituoni. Alikuwa ameshika konzi ya dagaa na uso wa mtu aliyefiwa. "Nani atanunua hawa? Nikiwapeleka Dar wataniuliza nimewavua ziwa gani."

Koplo Gasper alimchukua mmoja, akamnusa. "Ananuka duka la rangi."

"Ego, ndiyo hasa! Maji yanatoka kule." Nehemia alionyesha mfereji mwembamba mchangani, ulioanzia ukutani mwa godauni kuukuu na kuishia kwenye uwanja wake wa kuanikia dagaa. "Kila wakimwaga, yananijia mimi. Nikagonga mlango, nikaambiwa ni maji ya kufulia. Nguo gani hizo, afande, zinafuliwa kila siku na hazianikwi hata siku moja?"

Yusra alimshukuru kwa swali lile. Askari wengine hukaa kazini miaka bila kuuliza swali zuri namna hiyo.

Hakuja kwa ajili ya dagaa. Alikuja kwa ajili ya rangi, na kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa mahabusu, Rozalia Bukuru, mjane wa Ilagala, ambaye kesho yake angepandishwa kizimbani kwa wizi na udanganyifu. Rozalia alikuwa msukaji katika kikundi cha akina mama wa Ujiji, kinachosuka mikoba ya ukindu kwa ajili ya nyumba moja ya mitindo ya Milano. Kila mkoba uliondoka na kadi yenye picha ya msukaji na maneno matamu: umesukwa na mikono ya mwanamke mmoja kando ya ziwa, kwa ukindu na rangi za magome, bila plastiki hata chembe. Mabibi wa Ulaya walinunua mkoba na kununua pamoja nao dhamiri safi. Halafu mkoba mmoja ukasahaulika ndani ya gari juani, ukalegea na kuyeyuka kama mshumaa. Wataliano waliupasua, wakakuta nyuzi za plastiki zimechanganywa na ukindu, wakaurudisha Kigoma ukiwa vipande, pamoja na kadi yake. Picha kwenye kadi ilikuwa ya Rozalia.

Mwenyekiti wa kikundi, Bi Zuhra, hakwenda kituoni. Alikwenda nyumbani kwa Yusra akilia, kwa sababu Yusra alikuwa mtoto wa kaka yake, naye Bi Zuhra ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. "Kuna mtu anatuuza," alisema. "Anasukisha mahali pengine kwa jina letu." Jioni ileile Yusra alimtia Rozalia pingu. Tangu hapo Rozalia alikuwa na jibu moja tu, kwamba hajui lolote, na hapakuwa na mtu wa kumwekea dhamana. Kilichokosekana kwenye jalada ni mahali mikoba bandia ilipotengenezwa. Yusra aliufuata mfereji akijua anakwenda kuifunga kesi.

Gasper aligonga kwa kitako cha tochi. Aliyefungua alikuwa Luqman, wakala wa Wataliano mjini Kigoma, kijana wa shati jeupe na manukato ya kumfikia mtu kabla yake mwenyewe.

"Inspekta! Karibu. Hii ni karakana ya mafunzo."

"Mnafundisha nini? Kuyeyuka?" alisema Gasper, akampita.

Ndani, wanawake walikuwa wameketi sakafuni kuzunguka kuta, mikono yao myekundu hadi vifundoni. Mapipa ya rangi ya dukani yalipangwa karibu na mlango wa nyuma, unakoanzia ule mfereji. Upande mmoja kulikuwa na mafungu ya ukindu, na upande wa pili marobota ya nyuzi za plastiki. Gasper alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Ulijikunja na kudondosha tone jeusi. Alirudia kwa uzi wa fungu la pili, ukaungua majivu kama jani lolote. Vyote viwili akavitia kwenye bahasha. Juu ya meza kulikuwa na rundo la kadi, na kila kadi ilikuwa na Rozalia anayetabasamu.

"Wataliano wanajua habari za godauni hili?" Yusra alimuuliza Luqman.

"Wataliano wanataka mikoba mingi kabla ya msimu wao. Nikawaambia, mama zetu wa Ujiji hawawezi kufika huko hata wakisuka usingizini. Wakanijibu, Luqman, tunakuamini." Alicheka kidogo, bila furaha. "Unajua Mzungu akikwambia anakuamini ana maana gani, Inspekta? Ana maana usimweleze."

"Nani aliwafundisha hawa kusuka?"

"Si mmeshamkamata? Rozalia."

Jibu lilikuja upesi, lakini watu wengi hujibu upesi mbele ya polisi. Yusra alimwacha chini ya ulinzi wa Gasper, akamwita kando mmoja wa wasukaji, mama kijana wa Katonga aitwaye Wema. Wema alijaribu kuificha mikono yake ndani ya kitenge, akaona haifai, akaitoa.

"Mwalimu wenu ni nani?"

"Mama Ilagala, afande."

"Unaweza kumtambua?"

"Kwa uso? Hapana. Alikuja amejifunika, tunaona macho tu. Tena hasemi. Luqman alituambia ana kidonda cha koo. Anakaa, anasuka, sisi tunatazama mikono."

"Ulijuaje anatoka Ilagala kama hasemi?"

"Luqman katuambia."

"Alikuwa mkali?"

Wema alifikiri. "Ukikosea alikuwa anafumua yote, unaanza upya. Lakini hakumpiga mtu."

Gasper alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. "Basi imekwisha, afande," alisema. "Kajifunika asijulikane, kanyamaza ili lafudhi yake isimtaje. Kesho mahakamani tunakwenda kifua mbele."

Yusra alifurahi, tusimsingizie vinginevyo. Alifurahi kwa sababu angemwambia shangazi yake kwamba mwizi wake ameshikika sawasawa. Kwa furaha hiyo aliokota mkoba mmoja ili aufunge lebo ya kielelezo. Aliugeuza atafute mahali pa kuifungia lebo, na macho yake yakatua kwenye mstari mweusi. Aliufuata mstari kwa kidole kutoka pembe moja hadi ya pili. Kidole kilisimama chini ya mpini wa kushoto.

"Vipi?" aliuliza Gasper.

Yusra aliokota mkoba wa pili, wa tatu, akaendelea hadi rundo zima likawa limepita mikononi mwake. Yote ilikuwa vilevile.

"Mpeleke Luqman kituoni," alisema. "Andika maelezo ya hawa wote, usimwambie mtu kitu. Mimi nakwenda Ujiji."

"Kuna nini Ujiji?"

"Nikirudi utajua." Aliuchukua mkoba mmoja, akauviringisha ndani ya mtandio wake.

Gasper alikuwa mtu wa Kasulu, asingeweza kuiona maana ya mstari ule hata angeutazama mchana kutwa. Wataliano nao hawakuiona. Mchora mitindo wao alipopita Ujiji aliona mkeka umeegemezwa ukutani mwa msikiti, una mstari mmoja mweusi uliokwenda mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Aliupiga picha, akasema hajapata kuona kitu kizuri kama hicho, akachora mkoba wake kutokana nao. Ulikuwa mkeka wa jeneza, umeanikwa upigwe hewa baada ya mazishi. Katika Ujiji ya akina Bi Zuhra, mstari mzima husukiwa maiti peke yake. Cha mtu aliye hai hukatwa mstari, kwa kuupitisha ukindu mweupe juu ya mweusi. Hakuna aliyemweleza Mtaliano. Ilikuwa ni adabu tu, mgeni haambiwi kwamba amependa sanda.

Shadia, mtunza ghala wa kikundi, alifungua chumba cha mikoba bila kuuliza maswali. Alikuwa mnene, mcheshi, na kwa kawaida haachi kumtania Yusra kuhusu mume. Siku ile aliutazama uso wa mgeni wake, akaacha.

"Naomba mkoba wa kila msukaji, Dada Shadia. Na kadi yake."

Mikoba ilipangwa juu ya jamvi. Yusra alipiga magoti, akaanza na wa Shadia mwenyewe.

"Wewe unaukata katikati."

"Katikati, uzi mmoja. Mama yangu alikata hapo."

"Na huyu?"

"Huyo kwenye pembe ya kulia. Kila mtu na mahali pake, wewe si mgeni wa haya. Mwanzoni tuliogopa Wataliano wataona kasoro. Hawakuona, au waliona wakadhani ndio urembo."

Yusra alifika kwenye mkoba wenye kadi ya Rozalia. Mstari ulitoka pembe hadi pembe, mweusi tii, mzima.

"Huu haukukatwa."

Shadia aliangalia mlangoni. "Hatukumwambia."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya kwetu. Yeye Mkristo, mtu wa Ilagala, anafuata mchoro alivyopewa. Bi Zuhra alisema tukimwambia atamwambia Luqman, na Luqman atawaambia Wataliano, halafu itakuwa tumewauzia watu vitu vya maiti. Basi tukanyamaza. Na unajua kilichotokea? Wataliano wakasema katika wote, Rozalia ndiye bingwa. Wa kwake ndio unaofanana na mchoro. Wakaichukua sura yake waiweke kwenye mabango yao." Shadia alishusha sauti. "Hilo halikumfurahisha kila mtu hapa."

Yusra aliufungua mtandio, akauweka mkoba wa Kibirizi mbele yake.

"Huu una plastiki. Una kadi ya Rozalia. Na mstari umekatwa."

Shadia aliona. "Rozalia hajui kuukata."

"Hajui. Kama angewafundisha yeye, mstari ungekuwa mzima. Walionakili wamenakili kila kitu walichoonyeshwa, hata hiki. Chini ya mpini wa kushoto, nyuzi mbili nyeupe. Nani anakata hapo, Dada Shadia?"

"Usiniulize mimi."

"Nakuuliza kama polisi."

"Na mimi nakujibu kama mtu mzima aliyekuona umebebwa mgongoni. Unaujua ni mkato wa nani. Ulijifunza kusuka miguuni pake."

Yusra aliukuta mkoba wa mwenyekiti mwishoni mwa safu, akautazama kwa sababu kazi ilimtaka autazame. Chini ya mpini wa kushoto, nyuzi mbili nyeupe. Aliuandika kama kielelezo, akamwomba Shadia atie sahihi, akaona haya kama aliyeiba yeye.

Bi Zuhra alikuwa uani kwake, ameketi juu ya kibao, ukindu umelowekwa kwenye beseni pembeni. Yusra aliingia bila kubisha hodi, kama alivyoingia nyumba ile maisha yake yote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mchana? Kesi imefikia wapi?"

Yusra aliuweka mkoba mapajani mwake. Bi Zuhra aliugeuza, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe chini ya mpini wa kushoto. Alikiondoa haraka, lakini Yusra alikuwa amekiona.

"Wamesuka ovyo hawa," alisema Bi Zuhra.

"Wamesuka walivyofundishwa. Mwalimu alijifunika uso, akakataa kusema. Mikono akaiacha wazi."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema Luqman yuko mahabusu, na kufika jioni atakuwa amekutaja. Nimekuja nikusikie wewe kabla sijamsikia yeye."

Bi Zuhra alichukua jani la ukindu kutoka kwenye beseni, akalipasua katikati, akalipasua tena. Yusra alisubiri. Alikuwa amewasubiri wezi na wauaji, na hakuwahi kuomba moyoni kwamba aliye mbele yake apate uwongo mzuri.

"Luqman alisema mikoba isipotosha kazi yote itahamishwa," Bi Zuhra alisema hatimaye. "Kuna nchi huko wana mashine. Kikundi kingekufa, Yusra. Nimekijenga mimi, unajua. Nikasema nitawafundisha wale wa Kibirizi kwa muda, msimu upite."

"Plastiki uliiona?"

"Niliiona."

"Na kadi?"

"Kadi ni za Luqman."

"Picha alichagua nani, Shangazi?"

Ukindu ulipasuka tena. "Mimi."

"Kwa nini Rozalia?"

"Si ndiye waliyempenda?" Sauti ilikuwa na uchungu wa zamani, na Bi Zuhra mwenyewe aliusikia, akaipoza. "Na hana watu hapa. Wengine wote wana waume, wana kaka, wangekuja juu. Mkoba uliporudi nikaona ni afadhali iwe tamaa ya mtu mmoja kuliko aibu ya wote. Angekaa ndani kidogo, maneno yakatulia."

"Ni miaka, Shangazi. Si kidogo. Ni miaka ya jela."

Bi Zuhra aliokota jani jingine la ukindu.

"Kuna kitu sikielewi," alisema Yusra. "Ungewasukia mstari mzima, kama mchoro ulivyo, nisingekujua milele. Rozalia angefungwa, mambo yangekwisha. Kwa nini uliukata?"

Bi Zuhra aliinua macho, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Ningewezaje? Wanawake wa watu watembee na mkeka wa maiti begani? Wana watoto wale. Mungu angeniuliza."

"Uliwaonea huruma Wataliano."

"Nilijiogopea dhambi."

"Na Rozalia?"

Bi Zuhra aliyarudisha macho kwenye beseni. Yusra alihisi hasira ikimpanda, na chini ya hasira kitu kibaya zaidi, kwa sababu bado alikuwa anampenda mwanamke yule.

"Kituoni wako askari wengi," alisema. "Ungeweza kumwendea yeyote. Ukaja nyumbani kwangu, ukanililia mimi. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ungeniamini."

Alilisema kwa upole, kama anayemsifu mtoto. Yusra alisimama ili asilie mbele yake. Katika yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomkata maini. Hakudanganywa kwa sababu alikuwa mpelelezi mbaya. Alidanganywa kwa sababu alikuwa mtoto mzuri, na malezi yake yote yalikuwa yametiwa kwenye hesabu.

"Mkoba ni mmoja huu?" aliuliza Bi Zuhra. "Uliouleta ni huu tu?"

"Usiniombe hilo."

"Sijaomba kitu."

"Basi usiombe. Vaa baibui, Shangazi, twende."

"Utanipeleka wewe mwenyewe? Mbele za watu wa Ujiji?"

"Rozalia nilimpeleka mwenyewe, tena na pingu, na watu wa Ujiji walitoka nje kutazama. Wewe sikufungi. Ni upendeleo wa mwisho nitakaokufanyia, na nitauandika kwenye taarifa."

Kituoni Gasper alikuwa kaunta, na alipomwona nani amefuatana na Inspekta wake, alisimama kumwamkia Bi Zuhra kwa heshima zote, kisha akaona uso wa Yusra na salamu ikamwishia mdomoni.

"Mfungulie Rozalia," alisema Yusra. "Halafu tuchukue maelezo ya Bi Zuhra Mrisho."

"Afande..."

"Umenisikia, Koplo."

Komeo lilisikika ndani. Bi Zuhra alisimama ukumbini, mikono imefichwa ndani ya baibui, akitazama ukuta. Rozalia alitoka pekupeku, viatu mkononi, macho yakipepesa kwa mwanga. Alikuwa amekonda, na kanga yake ilikuwa imekunjamana vibaya. Alipomwona Bi Zuhra alidondosha viatu, akainama, akapiga viganja taratibu kama wanawake wa Kiha wanavyomwamkia mkubwa.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, Bi Zuhra." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilimwambia afande wa zamu. Nikamwambia, watu wote wamenikimbia, lakini yule mama anayeniletea chakula kila siku hawezi kunitupa. Yule ndiye atakuja kunitoa."

Yusra alimgeukia Gasper. Gasper alitikisa kichwa kukubali. "Kila mchana, afande. Wali na samaki. Alikuwa anamngoja mpaka amalize, ndipo anaondoka na sahani zake."

Rozalia alikuwa amemshika Bi Zuhra mikono yote miwili kupitia kitambaa cha baibui. "Asante, mama. Mungu akulipe. Wamempata huyo mtu?" Alimtazama Yusra, bila kinyongo hata kidogo. "Mmempata, afande? Ni nani?"

Gasper alitazama sakafu. Yusra akajua kwamba kazi hiyo nayo ni yake.

"Ni yeye, Rozalia," alisema. "Ni Bi Zuhra."

Rozalia hakuiachia mikono ile. Alimtazama Bi Zuhra usoni, akatabasamu kidogo, akasubiri akatae.